Picha za Mguu wa Kulia

"Madam, ukishaunyoosha huu mguu, mimi nitajuaje kwamba umenyooka?"

Mwanafunzi wangu, binti wa mbio ndefu, aliniuliza hivyo siku ya kwanza, amekaa kwenye nyasi anaikodolea macho simu yangu, ambamo miguu yake mwenyewe ilikuwa inapita polepole kama ya mtu anayekimbia ndani ya maji. Nilimwambia, "Video itatuonyesha," kwa ile sauti ya mwalimu anayetaka swali liishe, nikabonyeza tena tukaangalia tangu mwanzo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada ya elimu ya viungo na michezo, na sina kazi. Baba yangu, ofisa kilimo mstaafu aliyehamia Karagwe akitokea Muleba kabla sijazaliwa, alikuwa na kibanja cha migomba na mibuni Ihembe, na huko ndiko nilikorudi na begi langu kungoja majina ya ajira yatoke. Nilingoja miezi minne, hayakutoka. Katika miezi hiyo nilibishana na kila aliyekaa karibu nami. Nilimuuliza katekista nani alihesabu miujiza. Nilimuuliza baba kwa nini bado anapanda mibuni kwa nafasi ileile aliyowafundisha wakulima zamani: nani aliipima, na aliipimia wapi? Baba alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono, akasema, "Wewe, nenda ukawaulize wanafunzi. Wao wanalazimika kukujibu."

Ndivyo nilivyokwenda kujitolea kwenye shule ya sekondari ya kata upande wa Kyerwa, si mbali na Kibingo. Nikapewa chumba kimoja kwenye nyumba ya walimu, vipindi vya baiolojia ambavyo hakuna aliyevitaka, na jioni uwanja wa michezo, ambao ulikuwa na mteremko kiasi kwamba mpira ukiachwa peke yake ulijiondokea kuelekea migombani.

Uwanja huo ulikuwa na mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa pia mwalimu wa michezo bila kusomea. Alikuwa na filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na saa ya mkononi aliyoishika kiganjani kama anapima mapigo ya moyo ya mtu. Siku niliyochomeka nguzo yangu uwanjani, kijiti cha mkaratusi kilichochongwa mwanya wa kushikilia simu kwa usawa wa goti, alisimama pembeni akaangalia kwa muda mrefu.

"Sasa hapo unatega nini? Ngedere?"

"Ni ya simu, mwalimu. Nitawapiga picha wakikimbia."

"Ili iweje?"

"Ili tuone miguu yao inavyokanyaga."

Akawageukia wanafunzi. "Mmesikia? Mimi miaka yote nawaangalia nyuso. Kumbe miguu ndiyo inayokimbia." Wakacheka wote. Tangu siku hiyo aliniita Madam Sinema, na kila jioni aliponiona nakuja na kijiti changu alisema kwa sauti, "Haya, jipakeni mafuta, Madam Sinema amefika."

Sikuchukia. Nilijiona niko upande wa wanaojua. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba jicho ni shahidi mbaya: mguu wa mkimbiaji unagusa ardhi kwa muda mfupi mno, na anayesema ameuona anasema alichotarajia kuona. Mhadhiri wetu alituonyesha picha za maabara za nchi nyingine, zenye kamera kila upande na sakafu inayopima uzito wa kila hatua. Sisi hatukuwa na maabara ya namna hiyo. Lakini simu yangu, iliyokuwa na ufa kwenye kioo, iliweza kurekodi kwa kasi kubwa kisha ikaonyesha video polepole, na kulikuwa na programu ya bure iliyokuruhusu kusogeza video fremu moja baada ya nyingine na kuchora mistari juu yake, mmoja kutoka nyonga hadi goti, mwingine kutoka goti hadi kisigino, ikakupa pembe. Kitu kilichopimika nilikipenda. Nilikiamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu.

Binti mwenyewe alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa mkimya, mwembamba, na akikimbia mita elfu tatu wavulana walijifanya wamechoka mapema ili wasipitwe naye mwishoni mbele ya watu. Alikaa na mama yake upande wa pili wa kilima, kaka zake walishaondoka nyumbani. Alikuja shule kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Mwaka ule kulikuwa na jambo moja lililomhusu. Kocha wa shule ya bweni ya mkoa mwingine, shule inayochukua wanariadha na kuwasomesha bure hadi kidato cha sita, alituma ujumbe kwamba atakuja kwenye mchujo wetu, ambao ungefanyika kwenye uwanja wa shule moja huko Karagwe. Alitaka msichana mmoja wa mbio ndefu. Mmoja tu. Mwalimu wa michezo alipoutangaza ujumbe huo ofisini hakuna aliyehitaji kuuliza tutampeleka nani. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa bado mbali, na kila mwalimu alijua alama za binti yule zisingemvusha. Akichaguliwa, angesoma. Asipochaguliwa, angerudi kwenye migomba ya mama yake, na hatukuwa na mpango mwingine wowote wa kumpa.

Nilimpiga picha mara ya kwanza nikiwa nimembandika vipande vya plasta nyeupe nyongani, gotini na kisiginoni, upande wa kulia, maana nguzo yangu ilikuwa upande huo. Mistari ya majivu chini ilionyesha mahali pa kuanzia na pa kuishia. Alipita mara tano. Usiku nilichaji simu, asubuhi nikakaa nayo kabla ya kipindi, na nikakiona nilichokuwa nakitafuta: mguu wa kulia ulitua na ukingo wa nje wa unyayo, vidole vikitazama pembeni. Katika vitabu vyangu hilo lilikuwa kosa. Lilikuwa na jina, mchoro na dawa yake.

Nilimwita, nikamwonyesha. Hakuwahi kujiona akikimbia. Alitabasamu, kisha akaziba mdomo.

"Kumbe nakimbia na ulimi nje."

"Usiangalie ulimi. Angalia huu mguu. Unaona unavyotazama huko?"

"Nauona."

"Tunataka utazame mbele."

Hapo ndipo alipouliza lile swali, nami nikamjibu kwamba video itatuonyesha. Halafu, kwa miezi miwili, nikamnyoosha.

Alikuwa na juhudi inayotia aibu. Ukimwambia vidole mbele, alitembea hivyo hata akitoka darasani. Wenzake walimcheka kwamba anatembea kama askari wa gwaride. Niliongeza mizunguko kwa sababu mguu uliobadilishwa, niliamini, unahitaji kurudia sana ili uzoee. Sikuwahi kuihesabu ile safari ya kilima, asubuhi na jioni. Haikuwa kwenye video.

Wiki ya tano au ya sita alinijia baada ya mazoezi.

"Madam, huku mbele kwenye ugoko panawaka."

"Panawaka vipi?"

"Panawaka tu."

"Ukiwa unakimbia au ukiwa umekaa?"

Akafikiri. "Kidogo," akasema, na hilo halikuwa jibu la swali langu. Kwetu mwanafunzi akiona swali la mwalimu lina mlango wa kutokea, anatokea. Nilipaswa kuuliza tena. Mimi niliyemuuliza katekista nani alihesabu miujiza, nilipokea "kidogo" nikaiweka mfukoni. Nikamwambia ni misuli inajifunza kazi mpya, itatulia.

Siku zilizofuata nilianza kuona kwenye simu kitu kilichonifurahisha. Katika video za mwanzo, mguu wake wa kulia ulikaa chini fremu ishirini na sita kabla ya kunyanyuka. Sasa ulikaa ishirini na tatu. Wiki iliyofuata, ishirini na moja. Anayejua mbio anajua maana yake: wenye kasi hawakai chini, wanagusa na kuondoka. Niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari. Nilimtumia mwenzangu wa chuo kipande cha video kwa WhatsApp, akajibu kwa alama za moto. Nilijisikia kama mtu aliyepanda mbegu kwenye chupa na kuiona inachipua.

Mwalimu wa michezo yeye aliona kitu kingine.

"Huyu mtoto anachechemea," aliniambia jioni moja, filimbi iko mdomoni nusu.

"Hachechemei, mwalimu. Mguu umekuwa mwepesi. Njoo nikuonyeshe."

"Sihitaji kuonyeshwa, nimesimama hapa namwona."

"Unaona nini hasa? Niambie ni hatua ipi."

"Hatua ipi nitaijuaje? Anachechemea."

"Muda aliokimbia leo umepungua au umeongezeka?"

Akaangalia saa yake. Muda ulikuwa umepungua. Ulikuwa wa kwake bora tangu aanze shule.

"Basi," nikasema, na wanafunzi waliokuwa karibu wakafanya ile sauti yao ya "Eeeh!" mtu anaposhindwa.

Mzee akacheka, akainua mikono. "Haya, Madam Sinema. Macho yangu hayana fremu."

Nilifurahi kumshinda. Ninalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa muda mrefu nilipokuwa namsimulia mtu habari hii nililiruka.

Zilibaki siku kumi au kumi na moja kufika mchujo, mama yake alipokuja shuleni. Ilikuwa katikati ya asubuhi, wanafunzi wako darasani. Nilimkuta amesimama barazani nje ya ofisi ya walimu, viatu vimejaa tope la njiani, kitenge amekifunga vizuri kama mtu anayekwenda kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri tu. Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha. Wewe ndiye unayempiga picha mtoto wangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ananisimulia. Nimekuja kwa ajili ya huo mguu. Usiku hauwekei hata shuka."

Leo nikiandika sentensi hiyo, naisoma na kuona ilikuwa imebeba kila kitu. Mguu usioweza kuwekewa shuka hauna shida ya misuli. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua. Mimi nilisikia mama mwenye wasiwasi, na nilishajifunza kwamba wasiwasi unatulizwa kwa ushahidi. Nikatoa simu.

"Mama, huu mguu nimeupiga picha mara nyingi sana. Hata jana nimeupiga. Angalia."

Akaisogelea simu, akainamisha kichwa kukwepa mwanga. Binti yake akapita kwenye kioo, polepole, mistari yangu ya kijani ikimfuata.

"Na hii mistari?"

"Ni vipimo. Hapa inaonyesha umenyooka. Mwanzo haukuwa hivi."

"Kwa hiyo ndani mko sawa? Na mfupa?"

"Mfupa hauna shida, mama. Ni misuli inazoea."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Sikusema uongo kwa makusudi. Nilikuwa nimeangalia mguu ule kwa saa nyingi kuliko mtu yeyote aliyepata kuuangalia, nikafika mahali ambapo kuona ngozi ikipita kwenye kioo na kujua kilichoko chini yake kulikuwa kitu kimoja kichwani mwangu.

Kisha uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi, kama ameshapigwa picha, tunashukuru sana, mwalimu waitu, mwalimu wetu. Mungu akulipe."

Kesho yake binti alikuja shule na mkungu wa ndizi kichwani, zawadi ya mama yake kwangu. Ameubeba kutoka upande wa pili wa kilima. Nilimsaidia kuutua, nikamshukuru, tukaufungia stoo uive. Tulikuja kuzila ofisini na walimu wenzangu. Zilikuwa tamu.

Siku ya mchujo kulikuwa na jua la baada ya mvua, uwanja umekauka juu na chini bado laini. Yule kocha wa shule ya bweni alikuja kweli, kijana kuliko nilivyomtarajia, ana kofia na kitabu kidogo cha kuandikia. Mita elfu tatu ni mizunguko saba na nusu. Binti wetu aliongoza tangu wa pili. Nilikuwa nimechomeka kijiti changu kwenye kona ya mwisho, namrekodi kila akipita, na kila akipita nilimwambia, "Mbele! Vidole mbele!"

Mzunguko wa tano alipita mbele ya simu, akaenda kama hatua thelathini, akasimama. Hakuanguka. Alisimama kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameunyanyua, mikono imetanda, na wengine wakaanza kumpita mmoja mmoja. Nilikimbia kwenda kwake. Mwalimu wa michezo, kwa umri ule, alifika kabla yangu.

Alikuwa hajalia. Alituangalia, mzee kisha mimi, akasema, "Madam, samahani."

Mzee alimbeba mgongoni hadi kwenye kivuli. Nilipogeuka, kocha mwenye kofia alikuwa ameshaondoa macho kwetu. Alikuwa anaandika kitu, akiangalia wanaomaliza.

Hospitalini daktari aliishika filamu ya eksirei dhidi ya mwanga wa dirisha, mimi nyuma ya bega lake moja na mama wa binti nyuma ya jingine. Mama alikuwa ameletwa na bodaboda, bado ana majani ya migomba kwenye ncha ya kitenge. Daktari alitupitisha kwa kalamu. Mfupa wa ugoko ulikuwa umevunjika, mstari mmoja mweusi. Lakini pembeni ya mstari huo kulikuwa na uvimbe mweupe, kama mahali mtu alipoanza kuziba ukuta kwa udongo.

"Hapa mfupa ulikuwa unajaribu kujiponya," alisema. "Huu ufa si wa leo. Una wiki kadhaa. Huyu alikuwa anakimbia kwa mguu uliopasuka. Hamkujua?"

Mama aliiangalia ile filamu, akaniangalia mimi, akasema taratibu, bila ukali, "Picha zao haziko kama zako."

Nilijua amenipiga dongo, na nilistahili. Niliinamisha kichwa. Nilimuuliza daktari, faraghani, kama kubadilisha namna ya kukanyaga kunaweza kupasua mfupa. Akasema kunaweza, na mazoezi mengi yanaweza, na chakula kidogo kinaweza, na kwamba yeye hawezi kusema ni kipi. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtu aniambie jambo kwa uhakika bila kunipa sababu.

Jioni ile nilikaa chumbani na kufungua video zote, tangu ya kwanza. Safari hii nilihesabu mguu wa kushoto. Sikuwa nimewahi. Plasta zilikuwa kulia, kosa lilikuwa kulia, na jicho langu lilikaa kulia miezi miwili. Mguu wa kushoto ulianza kwa fremu ishirini na sita, sawa na mwenzake. Halafu ukapanda. Ishirini na saba. Ishirini na tisa. Kadiri wa kulia ulivyokaa chini muda mfupi, wa kushoto ulikaa muda mrefu. Mtu anayeruka haraka kutoka mguu mmoja na kubaki kwenye mwingine, jina lake si mwepesi. Kila mtu kijijini, hata asiyejua kusoma, ana neno lake, na mzee mwenye filimbi alishalisema mbele ya wanafunzi: anachechemea. Nilikuwa nimerekodi maumivu yake fremu kwa fremu na kuyapigia mstari kwenye daftari kama maendeleo.

Mkuu wa shule alituita. Aliuliza ni nani aliyekuwa anamsimamia binti mazoezi. Nilifungua mdomo, na kabla sijasema, mwalimu wa michezo akasema, "Ni sisi, mkuu. Idara ya michezo." Mkuu akamwangalia yeye, kwa sababu idara ya michezo kwa miaka yote ilikuwa yeye, akamtaka aandike maelezo. Niliufunga mdomo wangu. Tulipotoka nje nilisema, "Mwalimu, nitakwenda kumweleza," naye akasema, "Kaeleze ukitaka." Sikwenda siku hiyo. Siku iliyofuata nilikuwa na vipindi. Baada ya wiki, majina ya ajira yalitoka, langu likiwemo, na nikapangiwa shule nyingine, mkoa mwingine. Siku naondoka, mzee alinisaidia kufunga begi kwenye bodaboda. Aliniuliza kama sichukui kijiti changu. Nikamwambia akiache tu.

Mguu wa binti ulipona, kwa maana ya kwamba anatembea. Nafasi ilichukuliwa na msichana aliyemaliza wa kwanza siku ile. Binti wetu alimaliza kidato cha nne hapohapo, hakuendelea, akajifunza kushona. Haya niliyajua kwa simu, kwa ujumbe mfupi wa sikukuu ambao alikuwa wa kwanza kunitumia kila mara: "Madam za siku, mimi mzima." Nami nilijibu kwamba nafurahi kusikia. Sikuwahi kumwandikia habari za mguu wa kushoto.

Mwaka wa tatu tangu niondoke nilikuja likizo, nikasindikizana na baba kwenda kumwona rafiki yake Kimuli. Ilikuwa siku ya gulio. Nikiwa natafuta nyanya nilimwona mama yake amekaa nyuma ya mafungu ya maharage. Nilitaka kupita. Yeye aliniona kwanza, akasimama, akanishika mikono yote miwili, akapanga gunia nikae. Aliniuliza habari za baba, za kazi, kama nimeolewa, na niliposema bado akasema nisiharakishe. Kisha nikaona kwamba nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Mama, ule mguu ni mimi niliyekosea. Uliniuliza nikakwambia hauna shida. Sikuwa na namna ya kujua, na nikasema najua. Naomba unisamehe."

Alitikisa kichwa tangu sentensi ya kwanza.

"Hapana, mwalimu. Mimi ndiye niliyekosea. Nimekuwa nataka kukwambia hilo na mtoto ananikataza, anasema utajisikia vibaya. Mimi sikusoma. Kwangu picha ilikuwa ni picha."

Sikumwelewa. Aliona sikumwelewa, akaendelea, huku anasawazisha fungu la maharage kwa kiganja.

Asubuhi ile alipokuja shuleni hakuwa ametoka nyumbani. Alikuwa ametoka zahanati na binti yake, alfajiri wakiwa wa kwanza kwenye foleni, na baada ya hapo mtoto akaingia darasani. Nesi aliubonyeza mguu, binti akapiga kelele, na nesi akaandika karatasi kwamba apelekwe hospitali ya wilaya akapigwe picha. Karatasi ilikuwa kwenye pindo la kitenge chake wakati anainamia simu yangu. Alikuja kuniomba ruhusa ili binti akose shule kesho yake, waende. Aliposikia nimeshaupiga picha, akairudisha karatasi nyumbani pindoni, bila kuifungua.